Taa iliyosimama ziwani inaweza kuonekana ikitembea? Naomba msaada wa wanaojua saikolojia

MwanaMwalo (Kigoma)

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandika kutoka Kigoma, kwenye mwalo mmoja ambao sitautaja kwa jina, kwa kuwa shauri lenyewe bado halijaisha na wahusika wote ni majirani zangu. Nimeombwa kuwa mmoja wa wasuluhishi, nami nimefika mahali ambapo uzoefu wa kusikiliza kesi za mwaloni haunitoshi. Nahitaji kusikia kutoka kwa watu waliosoma namna akili ya binadamu inavyoona vitu.

Mambo yalikuwa hivi. Usiku mmoja wa giza, kabla mwezi haujaandama, mitumbwi ya dagaa ilikuwa imetoka kama kawaida na taa zake zilionekana mbali kutoka ufukweni. Mtumbwi mmoja haukufuatana na wenzake. Mwenyewe anasema mashine ilimsumbua, akatia nanga karibu na miamba ambapo kina si kirefu, akawasha taa moja na kukaa akiihangaikia mashine hadi alfajiri. Kulipokucha, nyavu za kutega za jirani yake, zilizokuwa upande wa kusini wa miamba ile, zilikutwa zimekatwa na sehemu yake haipo. Watu watatu waliokuwa wameketi ufukweni usiku huo wanasema kwamba waliiona taa ile ya peke yake ikitoka pale miambani, ikaelekea kusini polepole, ikatulia, kisha ikarudi ilikotoka.

Watatu hao nawafahamu. Mmoja ni mama anayeanika dagaa, mtu mwenye heshima yake, na wenzake wawili ni vijana wasiokunywa pombe wala kuwa na ugomvi wowote na mtuhumiwa. Sina sababu ya kuwaita waongo. Lakini mtuhumiwa naye nimemjua tangu utoto wake, na anakula kiapo kwamba nanga yake haikung'oka usiku ule. Wasuluhishi wenzangu wanasema shahidi mmoja anaweza kukosea, ila watatu hawawezi kukosea kwa namna moja, kwa hiyo jambo limekwisha na kilichobaki ni kupanga fidia. Mimi moyo wangu umekataa kutulia.

Nimewahi kusikia habari za mazigazi, yale maji yanayoonekana juu ya barabara wakati wa jua kali na kutoweka unapoyakaribia. Lakini hayo ni ya mchana na ya joto, na tukio letu lilikuwa la usiku, hewa ikiwa ya ubaridi. Je, inawezekana mtu mwenye macho mazima na akili timamu akaona taa ikisafiri ilhali imesimama? Na kama inawezekana kwa mmoja, inawezekanaje kwa watatu, tena wakakubaliana hata upande iliokwenda? Tafadhali mnijibu kwa uzito, maana heshima ya mtu na riziki ya watoto wake vinategemea jambo hili.

Mwalimu wa Saikolojia (Tabora)

Ndugu MwanaMwalo, umefanya vyema kuuliza kabla uamuzi haujatolewa. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, inawezekana kabisa, na ni jambo lililochunguzwa kwa zaidi ya karne moja.

Kwanza tuyaweke mazigazi pembeni. Mazigazi ya barabarani hutokea nje ya mwili wa mtazamaji: hewa iliyo karibu na lami hupata joto kuliko ile ya juu yake, mwanga wa anga hupinda unapopita katika matabaka hayo, na jicho hupokea picha ya anga kutoka upande wa chini. Ukipiga picha kwa kamera, yale "maji" yatatokea pia kwenye picha. Jambo linalotuhusu hapa ni la aina nyingine. Ukiielekeza kamera iliyofungwa imara kwenye taa ile, itaonyesha nukta iliyotulia tuli, wakati mtu aliyesimama kando yake anaapa kwamba nukta inatembea. Kosa hili halimo hewani wala kwenye lenzi ya jicho. Limo katika namna ubongo unavyoamua kitu kipi kimetulia na kipi kinakwenda.

Ubongo hauna njia ya kuuona mwendo wenyewe peke yake. Huulinganisha. Mchana unapotazama mtumbwi, ubongo unao ufukwe, mlima, mstari wa upeo wa macho na mawe, vyote vikiwa alama za kulinganishia. Usiku wa giza alama hizo zote huondolewa, ikabaki nukta moja ya mwanga isiyo na jirani. Wakati huohuo jicho halitulii hata mtu akilikazia namna gani: misuli inayolishika huchoka na kulegea kidogokidogo, na ubongo hulazimika kutuma amri za kulirekebisha ili nukta isiponyoke. Maelezo yanayokubalika na wengi, ambayo mwanasaikolojia Mwingereza Richard Gregory aliyatetea sana, ni kwamba ubongo hukosea katika kuzihesabu amri hizo. Jitihada ya kulizuia jicho lisiteleze huchukuliwa kuwa jitihada ya kukifuata kitu kinachokwenda, na kwa kuwa hakuna alama ya kuupinga uamuzi huo, mtu huona mwendo. Haoni kwa kubahatisha. Anauona waziwazi kama ninavyoyaona maandishi haya.

Wanasaikolojia huuita mwendo huu otokinetiki. Mtaalamu wa Kijerumani Alexander von Humboldt aliuona mwaka 1799 alipokuwa akipanda mlima katika kisiwa cha Tenerife: nyota zilizokuwa karibu na upeo zilionekana zikiyumba, naye alidhani ni nyota zenyewe au hewa inayozizunguka. Baadaye watazamaji waliosimama bega kwa bega waliulizwa nyota ileile moja inayumba kuelekea wapi, na majibu yao yakatofautiana, mmoja akisema kulia na mwingine juu, kwa wakati uleule. Hapo ikajulikana kuwa mwendo ule umo ndani ya watazamaji. Marubani wanaoruka usiku hufundishwa jambo hili mapema katika mafunzo yao, kwa sababu rubani anayeikazia macho taa moja ya mbali anaweza kuanza kuigeuza ndege akidhani anaifuata ndege nyingine.

Unaweza kulijaribu nyumbani kwako usiku wa leo. Chukua tochi, uifunike kwa karatasi nzito yenye tundu la sindano, uiweke imara juu ya meza upande mmoja wa chumba, uzime taa zote na kuziba mianya. Keti upande wa pili na kuikazia macho nukta ile. Kwa watu wengi, baada ya muda mfupi nukta huanza kuelea, ikaenda, ikatulia, ikarudi. Zingatia pia kwamba kujua hakukuponyi: mimi hufundisha jambo hili kila mwaka, na kila ninapozima taa nukta hutembea vilevile.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zito zaidi. Mwaka 1935 Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki aliyekuwa Marekani, alichapisha utafiti ulioutumia mwendo huuhuu kujibu karibu swali lako. Aliwaketisha watu katika chumba chenye giza totoro, mita tano hivi kutoka kwenye nukta ya mwanga isiyosogea kamwe, akawaambia kuwa taa itasogea na kazi yao ni kutaja imesogea umbali gani. Kila mmoja alipokuwa peke yake, alijijengea kipimo chake: huyu akitaja sentimita chache, yule akitaja mara kadhaa ya hizo, na kila mmoja akashikamana na kiwango chake. Kisha Sherif akawaweka wawiliwawili na watatuwatatu, kila mtu akitaja jibu lake kwa sauti. Majibu yao yakaanza kusogeleana, na baada ya vikao vichache kundi zima likawa na jibu moja. Aliporudisha mtu mmojammoja chumbani, hakurudia kipimo chake cha zamani, bali alikuja na kile cha kundi. Wengi wao hata hawakutambua kuwa wamevutwa na wenzao.

Kwa hiyo hoja ya wasuluhishi wenzako, kwamba watatu hawawezi kukosea kwa namna moja, inasimama tu ikiwa watatu hao waliona na kueleza kila mmoja kivyake. Kama walikuwa wameketi pamoja na mmoja akasema, "Tazama, ile taa inakwenda kusini," basi mnao ushahidi wa mtu mmoja uliopita katika vinywa vitatu, wala hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo. Ningependa kujua: waliketi pamoja? Nani alitamka kwanza?

Mvuvi Mstaafu (Ujiji)

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na ninakushukuru, lakini ziwa si chumba chenye giza, na mtuhumiwa hana budi kupimwa kwa mambo ya ziwa pia. Niruhusuni niongeze yale ambayo mtu wa nchi kavu anaweza kuyapita.

Jambo la kwanza, mitumbwi ya dagaa iliyo mbali haitii nanga. Ziwa Tanganyika linateremka haraka mno, na sehemu yenye kina kirefu kabisa hufikia mita 1,470, kwa hiyo hakuna kamba ya kulifikia tope la chini. Mtumbwi uliowasha taa na kusubiri dagaa wakusanyike huchukuliwa na upepo na mkondo, na wenzake wote walio karibu huchukuliwa pamoja nao, taratibu, bila hata wao wenyewe kuhisi. Ni yule tu aliye miambani, kwenye kina kifupi, anayeweza kutia nanga na kubaki palepale. Kwa hiyo usiku ule, ikiwa mtuhumiwa anasema kweli, taa yake ndiyo pekee iliyosimama na zile nyingine zote zilikuwa zikisogea. Mtu wa ufukweni huona kinyume, kwa kuwa taa nyingi zilizo mbali humwonekania zimetulia.

Jambo la pili ni taa zenyewe. Zamani tulivua kwa karabai, ambayo humwaga mwanga pande zote sawa, na mtumbwi ukizunguka mwanga haubadiliki sana. Siku hizi wengi wanatumia balbu za betri zilizofunikwa kwa juu ili mwanga uingie majini. Balbu kama hiyo, mtumbwi ukilala upande wako unaiona kali, ukilala upande wa pili inafifia au inazimika kabisa machoni mwako. Usiku hakuna kitu kingine cha kukuambia umbali isipokuwa ukali wa mwanga: unapokuwa mkali unasema imesogea karibu, unapofifia unasema imekwenda mbali. Mtu anayehangaika na mashine anainama, anainuka, anahama kutoka tezi kwenda omo, na mtumbwi unazunguka kwenye kamba ya nanga kila upepo unapogeuka. Kutoka ufukweni hilo laweza kuonekana kama mtu anayetoka na kurudi.

Tena hata mchana macho ya hapa kwetu hukosea umbali. Baada ya mvua kubwa, milima ya Kongo hutokea ng'ambo imesimama wazi kiasi kwamba mgeni anauliza kama mtu anaweza kupiga kasia na kurudi kabla ya chakula cha mchana, ilhali ni kiasi cha kilomita hamsini. Ukifika mwezi wa nane, moshi wa mioto ya msituni ukiwa umetanda, milima ileile huonekana mbali sana au haionekani kabisa. Hakuna mlima uliosogea.

Hata hivyo sitaki mtuhumiwa aachiwe kwa sababu ya nadharia. Nanga ya jiwe huweza kuburuzwa. Mtu pia anaweza kuzima taa, akaenda alikokwenda, akarudi na kuiwasha. MwanaMwalo, ulizia upepo wa usiku ule ulikuwa unatoka wapi. Halafu zitazame ncha za nyavu: kamba iliyokatwa kwa kisu hukatika sawa, na iliyonaswa na mashine ya mtumbwi uliopita juu yake huchanika na kuacha nyuzi zilizofumuka. Hilo litawaambia mengi.

MwanaMwalo (Kigoma)

Shikamoo Mzee wangu, na Mwalimu nakushukuru sana. Leo nimezunguka na kuulizia yale mliyoniagiza.

Waliketi pamoja, kwenye gogo moja, wakisubiri mitumbwi irudi. Mama ndiye aliyetamka kwanza. Kwa maneno yake mwenyewe, alisema, "Huyu anakwenda wapi tena?" na vijana wakatazama. Asubuhi, kabla hawajaitwa na mtu yeyote, walikuwa wameshayaeleza mbele ya watu wengi penye chai, na sasa mwaloni hakuna asiyejua kwamba taa ilikwenda kusini. Nimekutana hata na watu ambao usiku ule hawakuwapo, wakinieleza habari hiyo kwa uhakika kamili.

Kuhusu upepo, wavuvi wanne niliowauliza kila mmoja kwa wakati wake wamesema ulikuwa unavuma kutoka kusini, si wa nguvu, na kwamba walijikuta wamesukumwa kaskazini kuliko walivyotarajia. Nyavu sijaziona bado. Mwenye nyavu ameziweka ndani na ameahidi kuzitoa.

Mwalimu wa Saikolojia (Tabora)

Habari hii ya upepo ina uzito mkubwa, na Mzee amegusa jambo ambalo mimi nililiacha.

Mwaka 1929 mwanasaikolojia Mjerumani Karl Duncker alionyesha kwamba, pale kitu kidogo kinapokuwa kimezungukwa au kuandamana na vitu vingine vingi vinavyosogea, ubongo huvichukua vile vingi kuwa ndivyo vilivyotulia, na mwendo wao wote hubandikwa kwenye kile kimoja. Kila mtu amewahi kuliona hili angani: mawingu yanapopita mbele ya mwezi, mwezi ndio unaoonekana ukikimbia, tena kuelekea kule mawingu yanakotoka. Udanganyifu huu huwa na nguvu hasa mwendo unapokuwa wa taratibu, kwa sababu vile vingi havionekani kabisa kuwa vinasogea.

Sasa tazama usiku wenu. Taa nyingi zinasukumwa kaskazini polepole. Taa moja imesimama miambani. Hakuna mwezi, hakuna upeo, ufukwe wa mbele ni giza. Mtazamaji wa kawaida, mwenye macho mazuri kuliko yangu, ataiona ile taa moja ikitambaa kwenda kusini. Na tofauti na ule mwendo wa otokinetiki, ambao kila mtu huuona kuelekea upande wake, huu huelekea upande uleule kwa watazamaji wote, kwa sababu unasababishwa na kitu kilicho nje, yaani mwendo wa zile taa nyingine. Nililalia upande mmoja niliposema kuwa makubaliano ya watatu lazima yatokane na kusikilizana. Yanaweza pia kutokana na kudanganywa na sababu moja. Upepo ukipungua au kubadilika, zile taa husita au hurudi, na ile moja nayo huonekana imetulia au imerejea.

Kuhusu watu ambao hawakuwapo na sasa wanasimulia: mwaka 1961 Robert Jacobs na Donald Campbell walirudia jaribio la Sherif kwa namna ya pekee. Walianza na kundi lenye watu waliopangwa kutaja umbali mkubwa kupita kiasi, kisha wakawaondoa mmojammoja na kuingiza wageni, hadi hakubaki chumbani hata mmoja wa wale waliopangwa. Makadirio yaliyotiwa chumvi yaliendelea kurithiwa kwa vizazi kadhaa vya washiriki kabla hayajafifia. Mwaloni kwenu kizazi cha pili kimeshaanza kusimulia.

Binti Ng'ambo (Tabora)

Naomba kuuliza na kuchangia kwa pamoja. Wale watatu waliulizwaje? Nina maana, swali lenyewe la kwanza la wasuluhishi lilikuwa na maneno gani?

Ninasomea sheria, na tulifundishwa utafiti wa wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974, ambao naona unaingia hapa moja kwa moja. Wanafunzi walionyeshwa filamu za ajali za magari na kuulizwa magari yalikuwa na kasi gani. Wote waliona filamu zilezile, ila tendo lililotumika katika swali lilibadilishwa. Walioulizwa kasi ya magari "yalipobamizana" walitaja wastani wa maili karibu 41 kwa saa, na walioulizwa kasi ya magari "yalipogusana" walitaja maili karibu 32. Katika jaribio la pili wanafunzi waliitwa tena baada ya juma moja na kuulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hata hivyo, miongoni mwa hamsini walioulizwa kwa neno kali, kumi na sita walisema waliviona, na miongoni mwa hamsini walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, saba tu ndio waliosema hivyo. Swali liliingia ndani ya kumbukumbu na kukaa humo.

Kama msuluhishi alianza kwa kusema, "Taa ya fulani ilikwenda hadi wapi?" basi amekwisha kuwapa mashahidi mwendo, jina la mwenye taa na nia ya safari, vyote kwa pamoja. Ingefaa kuulizwa, "Mliona nini usiku ule?" na kuwaacha waseme hadi mwisho. Ninaogopa kwamba kwa sasa haiwezekani kuyarudia mahojiano hayo yakawa safi kama mwanzo, kwa kuwa kumbukumbu iliyoguswa haifutiki ikaandikwa upya.

Jambo langu la pili linahusu namna ya kupima. Hapa stesheni ya Tabora njia za reli za Kigoma na Mwanza hukutana, na mara nyingi mabehewa husimama sambamba. Behewa la jirani likianza kuondoka, mwili wangu wote husema ni letu linaloondoka, mpaka nitazame nguzo ya jukwaa. Nguzo ndiyo inayomaliza ubishi, kwa kuwa haina uwezekano wa kusogea. Sasa kwa nini msisimike mti ufukweni? Mtazamaji akae chini, kichwa chake kikiwa kimeegemea kitu kisichosogea, aiweke taa ya miambani kwenye ukingo wa mti ule, na atazame kama inaachana na ukingo. Ikiachana, imesogea kweli. Isipoachana, na huku akiangalia bila mti anaiona ikitembea, mtakuwa mmepata jibu lenu kwa macho yenu wenyewe.

Mwalimu wa Saikolojia (Tabora)

Pendekezo la mti ni zuri kuliko lolote nililokuwa nalo, na ninaliunga mkono kwa sharti kwamba lifanyike kwa utaratibu. Watazamaji waketi mbalimbali, wasisikizane, na kila mmoja apewe karatasi ya kuchora alichoona kabla hajazungumza na mtu. Wasiambiwe kwamba taa itasimama, wala wasiambiwe kwamba itasogea. Wasuluhishi wenyewe wawe miongoni mwa watazamaji, kwa sababu maelezo yangu hayatawagusa kama kuona taa iliyofungwa ikisafiri mbele yao. Kwanza watazame bila mti, kisha mti usimikwe.

Naomba pia wale mashahidi watatu walindwe. Jaribio likifanikiwa, kuna hatari watu wakageuka na kuwaita wazushi, na mama yule akajuta kuwa alisema alichokiona. Alisema kweli kuhusu kile alichokiona. Mwanasayansi wa Kijerumani Hermann von Helmholtz alieleza tangu karne ya 19 kwamba kuona ni kuhitimisha bila kujua kwamba unahitimisha. Mtu hapewi nafasi ya kuukagua uamuzi wa ubongo wake kabla haujamfikia ukiwa tayari ni picha. Mweleze hivyo mbele ya watu wote, kabla ya jaribio na si baada yake.

Na kama Mzee alivyoonya, jaribio hili halitathibitisha kuwa mtuhumiwa hakukata nyavu. Litaonyesha tu kwamba ushahidi wa taa hauwezi kubeba shauri hili peke yake.

MwanaMwalo (Kigoma)

Nimewasomea wasuluhishi wenzangu majibu yenu yote, neno kwa neno. Wawili wamekubali jaribio mara moja. Mmoja bado anasema macho ni macho, lakini amekubali kuja kuketi na kuchora. Kuhusu swali la Binti Ng'ambo, nimeangalia daftari la kikao: swali la kwanza lililoandikwa ni, "Mlimwona akielekea kwenye nyavu saa ngapi?" Nimemwomba mwandishi alizungushie duara.

Nyavu nimeziona leo mchana. Ncha nyingi zimechanika na nyuzi zake zimefumuka, na chache zimekatika sawa. Sitasema zaidi ya hapo mpaka wote tuzitazame pamoja.

Tumepanga kusubiri siku za mwezi mpevu zipite, wavuvi warudi ziwani na giza liwe kamili, ili taa za mbali ziwepo kama zilivyokuwepo. Mama amesema atakuja, na ameomba aketi mbali na wale vijana. Mzee wangu wa Ujiji, ungekuwa tayari kukaa miambani na taa usiku huo? Nataka mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini kwamba hatasogea.

Mvuvi Mstaafu (Ujiji)

Marahaba. Nitakuja, na nitatia nanga mbili, ya mbele na ya nyuma, mtumbwi usizunguke. Baada ya saa moja nitaiondoa ile ya nyuma, ili muone pia tofauti ya mtumbwi unapozunguka kwenye kamba moja. Mtuhumiwa aniazime taa ileile aliyokuwa nayo usiku ule, pamoja na kifuniko chake, na mwenye nyavu aje akae nami mtumbwini ashuhudie nanga kwa mkono wake.